Rubani wa Kukodi

Mtu atakaye kuvua katika ghuba ya Malindi, naye si mwenyeji wa bahari hiyo, hana budi kukodi vitu vitatu pamoja: chombo, zana, na akili ya mtu mwingine. Viwili vya kwanza huonekana kwa macho, na bei yake hutajika bila taabu. Chombo hupimwa kwa urefu wake, kwa nguvu ya mashine yake na kwa idadi ya watu kiwachukuao. Zana huhesabiwa moja moja, fimbo, nyuzi, ndoana na chambo. Kitu cha tatu hakina mizani. Hukaa katika kichwa cha nahodha, na mgeni hukinunua kama anunuaye nazi bila kuitikisa. Hapo ndipo mapatano ya safari ya uvuvi yanapoachana na mapatano ya kupanga chumba au kukodi gari. Aliyepanga chumba kibaya huhama asubuhi. Aliyetoka na nahodha mbaya hana pa kuhamia mpaka chombo kirudi, kama kitarudi.

Ghuba yenyewe haijifichi. Upande wa kusini iko rasi ya mawe ya matumbawe uliposimama mnara wa Vasco da Gama, mweupe, wenye msalaba juu yake. Toka hapo pwani hupinda kama kiganja kilichokunjuliwa, hupita mbele ya mji mkongwe, kisha huelekea kaskazini kwa mchanga mtupu hata mlango wa mto Sabaki. Mto huo hutoka mbali bara, na katika sehemu zake za juu huitwa Athi na Galana. Mvua za bara zikinyesha hushuka na udongo mwekundu na kuumwaga baharini, ghuba ikageuka rangi ikawa kama chai iliyotiwa maziwa. Mgeni huyaona maji hayo akadhani amedanganywa: aliahidiwa bahari ya samawati, amepewa tope. Nahodha huyatazama kwa jicho jingine. Yeye hutafuta mpaka, pale tope linapokoma na maji safi yanapoanza, kwa maana juu ya mpaka huo hukusanyika majani, povu na samaki wadogo, na wadogo huwaita wakubwa. Nduaro hupenda kuwinda kando ya ukuta huo wa rangi. Samaki huyo, ambaye wengine humwita sansuli, ana pezi la mgongoni lililotanda kama tanga na mdomo mrefu kama mkuki, naye ni miongoni mwa samaki waliolipeleka jina la Malindi katika vinywa vya wavuvi wa starehe wa nchi za mbali. Vitabu vya zamani vilisema kuwa hukata maji kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa. Vipimo vilivyofanywa katika karne hii vimeishusha hesabu hiyo hata chini ya nusu, ingawa mtu ambaye uzi wake umekwisha kuvutwa na nduaro ni mgumu kushawishika kwamba vipimo vimesema kweli.

Basi mapatano huanza na kalenda, na kalenda ya bahari haifuati ile iliyotundikwa ukutani. Mwaka wa Malindi umegawanywa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na kusi hushika zamu yake toka Aprili hata Septemba. Kati yao iko miezi ya tanga mbili, ambapo upepo haujaamua unakotaka kwenda. Nduaro hutafutwa hasa kuanzia mwishoni mwa mwaka hata kaskazi inapokolea. Katika Mei, Juni na Julai, kusi ikiwa kali na masika yakiwa hayajatoka nchini, vyombo vingi vya uvuvi wa starehe hupandishwa pwani kukwanguliwa na kupakwa rangi. Mgeni aliye mbali hajui hayo. Yeye likizo yake ni Julai, fedha yake imekwisha kuwa tayari, naye hupiga simu kuuliza kama iko nafasi. Nafasi ipo tele, ndiyo hatari yenyewe. Mwenye tamaa humjibu kuwa mwezi huo ni mzuri, bahari ni shwari na samaki wanamngoja. Nahodha mwaminifu humwambia aje Januari, au ajitayarishe kuvua karibu na mwamba siku itakayoruhusu, na kwamba siku hiyo huenda isipatikane. Jibu hilo la kwanza, linalotolewa kabla ya senti moja kutoka mfukoni mwa mtu, lina mengi ya kumfunulia mgeni asikilizaye.

Baada ya pepo hufuata mwezi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na kwa hiyo kila siku hubadilisha saa yake. Mwezi unapoandama na unapopevuka huja bamvua, ambapo tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hupita mita 3. Katika robo za mwezi huja maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Katika pwani hii bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, nayo hupwa karibu na saa nne. Haya si maneno ya wanazuoni peke yao. Mgeni aliyepatana kutoka saa kumi na mbili asubuhi siku ya bamvua, na kurudi saa sita mchana, atakuta maji ndiyo yameanza kupanda, chombo kitatia nanga mbali, naye atavuka mchanga na maji ya magoti akiwa amechoka, amechomwa na jua, na pengine amebeba mtoto. Akiambiwa mapema huvaa viatu vya kufaa wala halalamiki. Asipoambiwa hulalamika hata juu ya samaki aliowapata. Yako malalamiko mengi ya wageni ambayo, yakichunguzwa vema, ni malalamiko juu ya mwezi.

Kukodi mtu wa kuonyesha njia ya maji si jambo jipya Malindi. Kwa hakika mapatano ya namna hiyo yaliyo mashuhuri kuliko yote katika Bahari ya Hindi yalifanywa katika ghuba hiyo hiyo, mwezi wa Aprili mwaka 1498, nayo hayakufanywa kwa uzuri. Vasco da Gama alifika hapo baada ya kutofautiana na watu wa Msumbiji na wa Mombasa. Bandarini Mombasa marubani aliowachukua Msumbiji walijitupa majini wakamwacha. Mfalme wa Malindi alimpokea kwa heshima, zikapita siku za ngoma, zawadi na mizinga ya salamu, lakini rubani aliyeahidiwa hakuonekana. Mtumishi mmoja wa mfalme alipopanda merikebuni kwa mazungumzo, Wareno walimzuia, wakapeleka habari pwani kwamba hatateremka mpaka rubani aletwe. Rubani akaletwa. Arubuni ya safari ile, basi, ilikuwa ni mtu, tena iliwekwa na upande usiostahili kuiweka, kwa maana ni mwenyeji aliyetolewa dhamana kwa ajili ya haja ya mgeni. Tarehe 24 Aprili merikebu zikatweka, na tarehe 20 Mei zikatia nanga karibu na Calicut.

Ni nani aliyeziongoza? Mwandishi wa Kireno aliyekuwamo safarini hakulitia jina lake katika kitabu chake cha kila siku. Waliokuja nyuma wakaandika jina linalofanana na Malemo Cana au Canaqua, wakasema ni mtu wa Gujarati. Mswahili akisikia neno malemo hatambui jina la mtu. Hutambua mwalimu, nalo katika vyombo vya zamani lilikuwa cheo cha mjuzi wa nyota na njia za bahari. Kilichohifadhiwa ni kazi yake, jina likapotea. Kwa muda mrefu ilisemwa kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa Kiarabu aliyeandika vitabu vya elimu ya bahari. Wataalamu waliovichungua vitabu vyake wamelikataa jambo hilo, na hoja zao zina nguvu. João de Barros ameandika kwamba rubani alipoonyeshwa astrolabe ya Wareno hakushangaa hata kidogo. Yafaa kuisoma habari hiyo polepole. Aliyetazamia kuona mshangao ni mgeni, mtu ambaye bila ya huyo asiyeshangaa asingeivuka bahari ile.

Siku hizi arubuni ni fedha, na nchini Kenya aghalabu hupelekwa kwa simu, kwa njia ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2007. Wepesi wa kuipeleka umewafanya watu wengi wasiulize ni ya nini. Mmoja huiona kuwa ni sehemu ya nauli, wa pili huiona kuwa ni kifungo cha siku, na mwenye chombo huiona kuwa ni bei ya mafuta na chambo atakavyonunua usiku wa kuamkia safari. Wote watatu hukaa kimya, kila mmoja na maana yake, mpaka asubuhi moja upepo unapowatia katika neno moja.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule kutoka bara ambaye ameweka akiba miezi mingi ili kumwonyesha mwanawe bahari. Amepatana kwa siku moja tu, kwa kuwa uwezo wake ni wa siku moja. Basi la kurudi limekwisha kulipiwa kwa usiku ule ule. Wanafika pwani alfajiri. Mbingu ni safi, jua linachomoza kama sahani ya shaba, maji ya karibu yametulia. Nahodha, mzee mwenye kanzu iliyokunjwa hata magotini, amesimama amelipa jua mgongo, akitazama upande wa kusini. Baada ya shikamoo na marahaba, na kuulizana habari za kulala, mzee anasema:

“Mwalimu, leo hatutoki.”

“Kuna nini, mzee nahodha? Bahari imelala.”

“Hii unayoiona ni ya ndani ya mwamba. Tazama kule nje, mstari ule mweupe. Saa tatu utakuwa umefika hapa, na sisi tutakuwa kule.”

“Lakini wale wametoka,” anasema mwalimu, akionyesha ngalawa mbili zenye matanga yaliyotiwa viraka.

“Wale hawatapita mwamba. Tena wametoka wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja anajua mwenziwe atafanya nini chombo kikilala. Mimi hapa nitachukua mtoto wa watu.”

Mtoto anasikia yote. Anamtazama baba, kisha anamtazama mzee, kisha anatazama maji. Baba naye ana fedha yake katika jambo hili, ana ahadi yake, na ana aibu ya mtu aliyewaaga majirani kwa maneno makubwa. Anauliza kama wangeongeza kitu kidogo. Hilo ndilo swali ambalo hatari nyingi za baharini hutoka ndani yake, nalo huulizwa kwa sauti ya upole na watu wema kabisa.

Sasa na itazamwe hali ya mzee. Yamkini chombo si chake. Mwenyewe ana duka mjini au anakaa mji mwingine, naye humlipa nahodha kwa safari, si kwa mwezi. Siku asiyotoka hana chake. Mabaharia wake wawili wameamka saa tisa usiku, wamepakia mafuta, barafu na chambo, nao wanamtazama. Dalali wa pwani aliyemleta mwalimu atadai ujira wake kwa vyovyote. Watu wote waliosimama pale, isipokuwa yeye, wana sababu ya kutaka chombo kitoke, na yeye mwenyewe ana njaa ya kumshawishi. Mtu anayeweza kusema “hatutoki” katika hali hiyo ana kitu cha thamani kuliko mashine mbili mpya, nacho hakikuandikwa katika karatasi ya bei.

Ndiyo maana swali la arubuni, linaloonekana kuwa dogo na la kibiashara, ni swali la uhai. Ikiwa imepatanwa kwamba upepo ukizuia safari mgeni hupoteza fedha yake yote, mgeni atasukuma. Ikiwa imepatanwa kwamba hurudishiwa yote papo hapo, nahodha na mwenye chombo watasukumwa na hasara. Mapatano yaliyo bora ni yale yanayomwacha nahodha huru na pande zote mbili: arubuni huhamishiwa siku nyingine, au hurudishwa baada ya kuondolewa gharama iliyokwisha kuingia, nayo gharama hiyo hutajwa tangu mwanzo, mabaharia hupewa posho ya kuamka, na hukubaliwa kwa maneno yasiyo na fumbo kuwa kauli ya kutoka au kutotoka ni ya nahodha peke yake, wala haiuzwi. Mgeni afanyaye busara hujiwekea siku mbili au tatu badala ya moja. Hii ni nasaha ngumu kwa mwenye mfuko mwepesi. Mwalimu wa mfano huu hawezi kuifuata, na hapana sababu ya kumcheka. Yeye na mwanawe huishia kupelekwa na kijana mmoja wa pale mpaka kando ya miamba ya karibu, maji yakikupwa, wakavua changu wadogo wanne kwa mshipi wa mkono, na mtoto hajui kuwa hiyo siyo safari iliyokusudiwa.

Mambo mengine ya mapatano huweza kupitiwa upesi. Jaketi za kuokolea ziwepo kwa hesabu ya watu wote, zikiwemo za kimo cha watoto. Huulizwa siku ya kupatana, na huonekana kwa macho kabla ya kupanda. Chombo kiwe na njia ya kuita msaada, na cheti cha kukaguliwa. Uvuvi wa starehe una leseni yake chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na inafaa ijulikane mapema ni nani ataikata. Nusu ya siku na siku nzima zitajwe kwa saa, sio kwa maneno matupu, kwa kuwa nusu ya siku ya dalali mara nyingi ni fupi kuliko nusu ya siku ya jua. Chakula na maji ya kunywa yaulizwe pia. Anayejijua kuwa huchafukwa moyo na mawimbi aseme. Hakuna baharia ambaye hajapata kutapika, nao hawamcheki mtu kwa hilo ila kidogo.

Liko neno moja lisilopitika upesi, nalo ni samaki. Samaki aliyepatikana ni wa nani? Mgeni hudhani ni wake, maana alilipa, na mikono yake ndiyo inayouma. Desturi ya vyombo vingi vya kukodi katika pwani hii ni kwamba samaki ni wa chombo; mgeni hupewa kitoweo chake, na wanaobaki huuzwa au hugawanywa. Asiyeambiwa hayo huona ameibiwa, na aliyeambiwa huona ni kawaida. Nguru mmoja mzuri au jodari wawili wanaweza kuwa tofauti ya siku nzima katika nyumba ya baharia, na kwa sababu hiyo hili si jambo la kuachwa lijiamulie lenyewe ufukoni mbele ya wanunuzi na paka.

Kwa nduaro shauri limegeuka zaidi. Zamani alipandishwa chomboni, akatundikwa kwenye mti kwa picha, akapimwa uzito. Siku hizi vyombo vingi vya uvuvi wa starehe humwachilia. Hutumiwa ndoana iliyopinda kwa duara, ambayo haishiki tumboni bali pembeni mwa kinywa. Samaki akisogezwa ubavuni, baharia huvaa glavu akamshika mdomo, huchomeka karibu na pezi la mgongoni alama ndogo yenye namba, kisha humwongoza majini chombo kikienda taratibu ili maji yapite katika matamvua yake mpaka nguvu zimrudie. Habari za alama hizo hukusanywa na shirika la African Billfish Foundation lililopo Watamu, kusini ya Malindi. Akivuliwa tena mahali pengine, namba husema ametoka wapi na siku ngapi zimepita.

Haya ni mazuri, lakini yasisemwe kana kwamba hayana mgongano. Mvuvi wa jarife wa Malindi humvua nduaro ili amle na kumwuza. Huyo huyo, au nduguye, akiwa baharia katika chombo cha kukodi, humshika kwa glavu na kumrudisha majini kwa uangalifu wa mkunga. Mgeni aliyesoma mengi juu ya hifadhi humwona wa kwanza kuwa ni mharibifu na wa pili kuwa ni mstaarabu, naye ni mtu mmoja. Anajua kuwa nduaro aliye hai huwarudisha wageni mwaka ujao. Anajua pia bei ya samaki sokoni leo. Asilaumiwe kwa kuyajua yote mawili.

Mpaka mwingine usioonekana umepita kusini ya ghuba. Mwaka 1968 serikali ya Kenya iliitenga sehemu ya miamba ya Malindi, na ya Watamu pia, ziwe mbuga za bahari, nazo ni za kwanza kwanza katika Afrika. Ndani ya mbuga hakuna kuvua kwa namna yoyote. Mgeni hawezi kuona mstari huo juu ya maji, wala dalali hana haja ya kumwonyesha. Nahodha huujua kwa kupatanisha alama za nchi kavu, mnazi huu na mnara ule, kama babu zake walivyoyajua majabali ya chini kwa kupatanisha alama zizo hizo. Kuna wazee waliovua mahali hapo kabla ya 1968 na ambao huuonyesha mstari huo kwa sauti isiyokuwa ya furaha. Wajukuu wao hupeleka wageni kutazama samaki ndani yake kwa malipo. Elimu ni ile ile ya maji na mawe. Iliyobadilika ni kazi inayofanywa nayo.

Wageni mashuhuri wamekwisha kupita katika mapatano hayo. Mapema mwaka 1934 Ernest Hemingway, akiwa ametoka kuwinda bara, alikodi chombo akavua bahari ya Malindi pamoja na Philip Percival, mwindaji aliyemwongoza porini. Miaka ishirini baadaye alirudi pwani ya Kenya, safari hii Shimoni, upande wa kusini, ambako mipango ya uvuvi ilikuwa imekwisha kufanywa. Lakini Januari 1954 alikuwa ameanguka mara mbili kwa ndege katika Uganda, akafika baharini na majeraha ya ndani na ya kichwani. Huko Shimoni moto wa nyasi ulizuka karibu na kambi, akajaribu kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake, akaungua. Katika mwaka huo huo alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Yote haya yamo katika vitabu vya maisha yake, kwa tarehe na kwa majina ya marafiki. Majina ya mabaharia wa pwani waliomshikia usukani na kumtilia chambo huwa adimu katika kurasa hizo.

Picha zina tabia ile ile. Katika kuta za hoteli na za vilabu vya uvuvi zimo picha nyingi za mtu aliyesimama kando ya samaki mkubwa kuliko yeye. Huandikwa chini yake jina la mtu, uzito wa samaki, siku na mwaka. Mara nyingine pembeni huonekana mkono mweusi umeshika kamba, au nusu ya bega, na mpiga picha hakuwa na nia mbaya: alikuwa akipiga picha ya mteja. Wako wageni waliokataa kupigwa picha mpaka nahodha asimame katikati. Nahodha mwenyewe huona haya, hufuta mikono kwa kanzu, husimama ameikunja midomo kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Ile kadi ya alama ya nduaro, hata hivyo, ina nafasi zake maalum. Huulizwa namba, tarehe, mahali, aina ya samaki na uzito wake kwa kukisia, na hali aliyoachwa nayo. Huulizwa jina la aliyemvua. Huulizwa pia jina la nahodha, kwa sababu akivuliwa tena baada ya miezi au miaka atatakiwa mtu wa kuuliza upepo ulikuwaje siku ile na maji yalikuwa ya rangi gani, na mgeni atakuwa amekwisha kusahau. Baharia huijaza papo hapo, amepiga goti juu ya sitaha yenye maji, chombo kikiyumba, kwa kalamu ya risasi, maana wino hauvumilii chumvi.